Siku moja Guangzhou, uende hekalu lipi? Haya manne nimeyapima kwa miguu yangu

Swali hili naulizwa sana na watu wanaoenda Guangzhou, Uchina, kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Oda zishalipwa, kontena linapakiwa, ndege ni kesho usiku, imebaki siku moja mkononi, sasa niende wapi zaidi ya maduka? Mi nawaambiaga nendeni hekaluni, angalau muone hawa watu tunaonunua kwao kila mwaka wanaomba nini na wanamwomba nani. Ila hapo ndo shughuli inapoanza maana mahekalu ya zamani Guangzhou ni mengi, dereva wa teksi atakupeleka lililo karibu na alipo, na ukisoma mtandaoni kila moja ni "zuri sana usilikose", sasa hiyo inamsaidia nani. Yote kwa siku moja huyawezi, miguu haitakubali. Haya manne nimeenda kwa safari tofauti, mawili nimerudia, basi ntakwambia kila moja linakupa nini na linakunyima nini.

Kabla ya yote, jua kwamba hekalu la Kichina si kitu kimoja. Mi mwanzoni nilidhani wote ni Wabudha, yaani Mchina ukiweka sanamu ukiweka moshi basi ni Buddha, kumbe wapi. Kuna ya Kibudha, dini iliyotoka India, kuna ya Kidao ambayo ndo dini yao iliyozaliwa kulekule, na kuna ya miungu ya wenyeji, mungu wa bahari, wa ardhi, wa mji, na mtu mmoja anaweza kuingia yote matatu ndani ya wiki moja asione tatizo lolote. Ukitaka kujua uko kwa nani angalia kichwa: mtawa wa Kibudha kanyoa kipara, wa Kidao kafuga nywele kazifunga fundo utosini kachomeka kipini. Hii si habari ya kujionyesha tu, inasaidia kwa sababu utakachokiona ndani kinategemea umeingia kwa nani.

Nianze na yale mawili ya Kibudha, Guangxiao na Liurong, kwa sababu watu wanayachanganya kila siku. Yako mtaa wa zamani wa mji, kutoka moja hadi jingine unatembea robo saa hivi, ukija na metro shuka Ximenkou, mstari namba 1. Nilipoenda kiingilio kilikuwa yuan 5 kila moja, hela ya maji ya kunywa.

Guangxiao ndo mzee wao. Wenyeji wana msemo kwamba kabla mji haujakuwepo Guangxiao ilishakuwepo, wametia chumvi lakini si nyingi, maana kiwanja chenyewe kilikuwa makazi ya mfalme wa mwisho wa Nanyue, ufalme wa zamani wa huko kusini, miaka 2,100 hivi iliyopita, baadaye kikawa cha msomi mmoja aliyefukuzwa na mkubwa wake akatupwa huku kusini, na alipofariki familia yake ikaitoa nyumba iwe hekalu. Kama kwetu mtu anavyotoa nyumba wakfu. Ila kilicholipa jina ni Huineng, mwalimu mkubwa wa Wabudha wa Uchina. Huyu alikuwa muuza kuni asiyejua kusoma, mtu wa hukohuko kusini ambako wakubwa wa kaskazini walipaona ni porini. Mwaka 676 akaingia pale akawakuta watawa wawili wanabishana, bendera inapepea, mmoja anasema bendera ndo inatikisika, mwenzake anasema hapana ni upepo. Akawaambia si bendera wala si upepo, kinachotikisika ni mioyo yenu. Baada ya hapo akanyolewa nywele chini ya mti wa bodhi, mti mtakatifu kwa Wabudha, nywele zikafukiwa, na pale zilipofukiwa pana mnara mdogo wa matofali mpaka leo. Mti wenyewe wa zamani uliangushwa na upepo, uliopo umepandwa baadaye, lakini watu wanauzunguka vilevile, na wengine wanaokota majani yaliyoanguka wanayaweka ndani ya kitabu.

Kitu utakachokipita usipoambiwa ni minara miwili ya chuma. Ndiyo, chuma cha kuyeyushwa, wa magharibi ni wa mwaka 963 na wa mashariki 967, umejaa visanamu vidogo vya Buddha kila upande kama masega ya nyuki. Wa magharibi umebakiwa na ghorofa tatu, wa mashariki zipo zote saba. Mi nauza vifaa vya ujenzi kwa hiyo hapo nilisimama mpaka mwenzangu akachoka kunisubiri. Chuma cha miaka zaidi ya 1,050, kwenye mji wenye unyevu kama Guangzhou ambako ukianika shati asubuhi jioni bado bichi, halafu mi geti langu nyumbani lina miaka minne na chini lishaliwa na kutu.

Liurong yenyewe ilianza mwaka 537, ilijengwa kuhifadhi masalia matakatifu ya Buddha yaliyoletwa kutoka Kambodia. Inayoonekana kutoka mbali ni pagoda yake, mnara wa urefu wa mita 57, kwa nje unahesabu ghorofa 9 lakini kwa ndani ziko 17, ule wa kwanza uliungua huu ukajengwa 1097. Jina la hekalu maana yake ni mivumule sita, ile miti ya kufanana na mikuyu yenye mizizi inayoning'inia, na jina limetokana na mshairi Su Dongpo aliyepita hapo mwaka 1100 akitoka uhamishoni kisiwa cha Hainan, akaiona miti sita ikampendeza, akaandika herufi mbili tu, "mivumule sita". Ile miti ishakufa zamani. Herufi zimebaki zinatawala mlangoni. Ndani kuna masanamu matatu makubwa ya shaba ya mwaka 1663, ni mazito kwa kuyaangalia tu.

Sasa tofauti yake kwa mtu anayechagua. Guangxiao ni pana, miti mikubwa, kivuli, benchi za kukaa, ukienda asubuhi unaweza kukaa saa nzima unasikiliza watawa wanasoma dua zao kwa sauti moja huku wanagonga kitu cha mbao, tok tok tok, usingizi mtamu kabisa. Liurong ni finyu, mnara umesimama katikati umechukua nafasi, watu wamejaa, moshi unakuingia machoni, lakini ndo utawaona akina mama wa mjini na vikapu vyao vya matunda wamekuja na shida zao kweli, si watalii. Kupanda mnara usiweke akilini sana, mi siku niliyoenda ulikuwa umefungwa. Anayetaka picha ya kurusha status aende Liurong, ile pagoda haina mpinzani. Mwenye kutaka kutulia, Guangxiao. Kwa kuwa ni jirani wengi wanaunganisha yote asubuhi moja na mi siwakatazi, ila utakachokumbuka ni Guangxiao. Waislamu kuna nyongeza, msikiti wa Huaisheng uko mtaa huohuo wa zamani, barabara ya Guangta, mnara wake una mita 36 hivi na mapokeo yanasema asili yake ni sahaba Sa'd ibn Abi Waqqas, kwa hiyo ukitoka kutembea unapata na pa kuswalia adhuhuri.

La tatu ni Sanyuan, la Kidao. Hili wengi wetu tunalipita bila kujua, liko chini ya kilima cha Yuexiu, barabara ya Yingyuan, ukiwa umefikia mtaa wa Xiaobei kama wengi wetu wanavyofikia basi hata kwa mguu unafika. Lilianzishwa mwaka 319 na gavana wa sehemu hiyo kwa ajili ya binti yake, Bao Gu, na huyu binti ndo kisa chenyewe maana alikuwa tabibu. Alikuwa anatibu kwa kuchoma majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi, hasa vinundu na uvimbe, na alikuwa anahudumia watu wa kawaida. Kisima chake wanakuonyesha mpaka leo. Majengo unayoyaona si ya wakati ule, ni ya utawala wa Qing, ule wa mwisho wa wafalme wao, yamekarabatiwa na kukarabatiwa tena, kwa hiyo mpenda mawe ya kale atasikitika kidogo. Na kuna ngazi, nyingi na zimesimama, mzazi mwenye magoti usimpeleke.

Lakini Sanyuan ina kitu ambacho yale ya Kibudha hayana, shughuli. Jina lenyewe linahusu watawala watatu, wa mbingu, wa ardhi na wa maji, na kila mmoja ana siku yake, tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, wa saba na wa kumi kwa kalenda yao ya mwezi. Wa mbinguni anagawa baraka, wa ardhini anasamehe makosa, wa majini anaondoa balaa. Ukibahatisha siku hizo utakuta watawa wamevaa majoho yamedariziwa, ngoma, zumari, matoazi, mpaka unasahau kama ni ibada au harusi.

Na hapa niseme jambo ambalo naona ni zito kuliko jina la hekalu lenyewe, nalo ni tarehe. Wao nao wanahesabu siku kwa kufuata mwezi kama sisi, na siku za watu kwenda hekaluni ni mwezi mosi na mwezi kumi na tano. Hekalu lolote kati ya haya ukienda mwezi ishirini na mbili, Jumanne mchana, utaona majengo na paka. Ukienda mwezi mosi asubuhi utaona watu. Kwa hiyo jiulize unataka kuona nini, mawe au watu, halafu angalia mwezi uko wapi ndo upange. Na mwaka mpya wao usiku wa manane usijaribu kama huna kifua, kila mtu anataka awe wa kwanza kuchoma udi.

Adabu sasa, maana hapa ndo watu wanaogopa bure au wanaharibu bila kujua. Viatu huvui! Tumezoea msikitini, nimeona kabisa mtu wetu kavua viatu mlangoni kaingia na soksi sakafu ya mawe yenye maji, wale bibi wanamshangaa. Utakachokuta mlangoni ni kizingiti kirefu cha mbao, hicho usikikanyage, kivuke. Bibi yangu Tanga alikuwa anatufokea tukikaa kizingitini bila kutueleza kwa nini, kufika kule nikasema kumbe bibi ana wenzake. Mlango wa katikati waachie wakubwa, we ingia kwa upande wa kulia utokee kushoto. Magauni na kaptura fupi sana acha hotelini. Picha nje piga utakavyo, ndani ya ukumbi kumlenga Buddha na kamera usoni hawapendi, na mtu akiwa amepiga magoti muache.

Udi ni wa vijiti. Pale Guangxiao tulipewa vijiti vitatu vitatu bure, vitatu tu vinatosha, ile habari ya kununua fungu kubwa kama mzigo wa kuni ni ya wauzaji wa nje wanaokufuata mlangoni, hao wapungie mkono uendelee. Unawasha kwenye moto ulio uani, moto ukishika hupulizi kwa mdomo maana pumzi ya mtu haihesabiwi kuwa safi, unapunga kwa mkono mpaka uzime ubaki moshi, unainua usawa wa paji la uso, unainama mara tatu, halafu unachomeka kwenye chungu kikubwa cha majivu. Kwa mkono wa kushoto. Hapo ndo tuliposhangaa. Mi udi wangu sikuchoma, nilimpa mama mmoja mzee kwa mikono miwili naye akapokea kwa mikono miwili akicheka, lakini rafiki yangu tuliyekuwa naye alitaka kujaribu, akachomeka kwa kulia kama mtoto aliyelelewa vizuri Pwani, yule mama akamshika mkono taratibu akahamishia vijiti kushoto. Baadaye tukaja kuelezwa kwamba mkono wa kulia ndo unaochinja na kufanya kazi zote chafu za dunia, wa kushoto haujaua kitu, kwa hiyo ndo msafi. Kwetu wa kushoto hata karanga humpi mtu. Nilicheka njia nzima.

Kuna mito ya kupigia magoti, ule wa katikati kabisa wanauachia mkuu wa watawa, we tumia ya pembeni kama unataka, na kama hutaki simama tu pembeni, hakuna atakayekulazimisha wala kukuuliza dini yako. Hilo nalisema kwa sababu wapo wanaogopa kwamba ukiingia umeshaabudu. Mi nimeingia zote nne na imani yangu niliyoingia nayo ndo niliyotoka nayo. Kila mtu na moyo wake lakini, usiende kwa kusukumwa.

Chakula pia kinatofautisha. Kwa Wabudha usiingie na nyama, watawa wao hawali nyama wala samaki, hata kitunguu maji na kitunguu saumu wanaviacha, sadaka mezani ni machungwa, maua, mafuta ya kutia kwenye taa za hekalu, biskuti. Kwenye mahekalu ya miungu ya wenyeji ni kinyume, siku ya sherehe utamkuta nguruwe mzima kaokwa mwekundu kalala mezani, na kuku na kichwa chake, kwa hiyo kama hilo linakukera ujue mapema. Vilevile kuna kupiga bao. Kwa Wabudha rasmi halipo, ila kwa Wadao na kwa miungu ya wenyeji utasikia mlio wa vijiti vya mianzi vinatikiswa ndani ya kopo, kila kijiti kina namba, kinachoruka nje ndo chako unaenda kusomewa maneno yake. Halafu wana vipande viwili vya mbao kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja, mviringo upande mwingine, wanavirusha chini: kimoja kikilala hivi na kingine vile jibu ni ndiyo, vyote vikilala sawa mungu aidha anacheka au amekataa. Aliyewahi kuona mganga wa kwetu hatahitaji mkalimani. Na wana nadhiri kama zetu kabisa, mtu anaahidi biashara ikitoka salama ntarudi na hiki na hiki, ikitoka asiporudi kajitafutia mwenyewe.

Haya, la nne, na ndo nililotaka kulifikia. Hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, Nanhai Shenmiao. Liko mbali, wilaya ya Huangpu, ila kwa aliyefikia Xiaobei njia ni nyepesi kuliko unavyodhani, panda mstari namba 5 pale pale mpaka Yuzhu, badilisha namba 13, shuka kituo chenye jina la hekalu lenyewe, saa moja hivi. Nje hapavutii, ni viwanda na malori, na maji yamesogea kwa karne nyingi kwa hiyo usitegemee kuona hekalu limepigwa na mawimbi. Mara ya kwanza nilitaka kugeuka.

Lilijengwa mwaka 594. Hapa ndo meli zilizokuwa zinaingia na kutoka Guangzhou zilikuwa zinasimama kuomba, karne baada ya karne, na serikali yenyewe ya mfalme ilikuwa inatuma maafisa kuja kutoa sadaka. Mwaka 751 mfalme wa ukoo wa Tang akampa huyu mungu cheo, Guangli, yaani mfalme wa faida pana. Faida! Mfanyabiashara akisikia hivyo anaanza kuvua kofia. Mbele kuna lango la mawe limeandikwa maneno manne ambayo maana yake ni bahari isiinue mawimbi, na mi nikikumbuka kontena langu lilivyochelewa wiki tano kwa sababu ya bahari (ndivyo nilivyoambiwa) nililisoma mara mbili. Ndani ni mawe ya maandishi kila kona, maarufu ni la mwaka 820 lililotungwa na mwandishi Han Yu, na miti mikubwa ya msufi mwekundu. Gati za zamani za kushukia meli zimechimbuliwa, unaziona.

Lakini nenda moja kwa moja upande wa lango la pili umtafute jamaa mmoja kasimama, kavaa joho la afisa wa Kichina, mkono wa kushoto kauweka juu ya macho kama anayekinga jua anaangalia mbali. Hadithi inasema alikuwa mgeni, alikuja na meli kutoka nchi wanayoiita Boluo, wengi wanasema ni huko India, akaja na mbegu za fenesi. Akashuka kuzipanda hekaluni. Akanogewa na mazingira, kurudi gatini meli ishang'oa nanga. Akabaki anasimama pale kila siku anaangalia bahari, analia, mpaka akafa akiwa hivyohivyo, na watu wakamtengenezea sanamu wakamfanya mungu mdogo wa pale, na baadaye mfalme naye akampa cheo, msaidizi wa faida. Wenyeji wanaliita hekalu zima Boluo kwa sababu yake na kwa sababu ya fenesi zake, fenesi kwao ni boluomi.

Sasa niambie mtu wa Pwani usimame mbele ya huyo mtu usiguswe. Sisi tuliozaliwa na mifenesi nyuma ya nyumba, tunaojua harufu yake ikiiva na utomvu unavyogoma kutoka mkononi mpaka upake mafuta, halafu kuachwa na chombo ndo lugha yetu kabisa, nani kwetu hana babu aliyeondoka na msimu mmoja akashindwa kurudi na ule mwingine. Na kwa upande ule wa pili wapo waliotoka kwetu: ubani uliokuwa unachomwa Uchina enzi hizo ulikuwa unatoka Arabuni na Pembe ya Afrika kwa meli za Waarabu, kwa hiyo moshi unaouona pale mababu zetu walishauleta kitambo. (Zile meli za Zheng He, yule amiri wa Kichina, zilizofika Barawa na Malindi hazikutokea hapa jamani, watu wanachanganya, zile zilikuwa zinasubiri upepo Fujian na waliyemwomba ni Mazu, mama wa bahari. Kule Changle kuna jiwe la mwaka 1431 linalotaja mpaka mbuni na ngamia waliotolewa na Barawa, na punda milia na simba wa Mogadishu. Ukiwa na safari ya Fuzhou hilo ndo la kutafuta.)

Sherehe ya hapo ni tarehe 11 mpaka 13 ya mwezi wao wa pili, ya 13 ndo kilele, siku ya kuzaliwa mungu. Kuna msemo wa zamani wa Guangzhou kwamba la kwanza nenda Boluo, la pili ndo uoe, basi fikiria. Shida ni kwamba mara nyingi inaangukia Machi, wakati wengi wetu tunakuja kwenye maonyesho ya bidhaa ya Aprili katikati au Oktoba, kwa hiyo kuipata inabidi upange makusudi. Mi niliipata kwa bahati kwa sababu kiwanda kilichelewesha mzigo. Watu mpaka pa kukanyaga hakuna, na kila mtu kashika kuku wa Boluo, kuku wa karatasi na udongo aliyebandikwa manyoya. Wanasema kati ya maelfu yanayouzwa kuna mmoja tu atakayewika, na atakayempata huyo katajirika.

Waliouliza kuhusu Foshan, wale wanaofuata vigae na samani: hekalu lao linaitwa Zumiao, kituo cha metro jina hilohilo, nilipoenda tiketi ilikuwa yuan 20. Ni la Kidao, la mtawala wa kaskazini anayetuliza maji, sanamu yake ya shaba ina uzito wa tani 2.5 hivi, kuna jukwaa la michezo la 1658 na wanacheza ngoma ya simba. Juu ya mapaa kuna watu wadogo wadogo wa kauri kutoka Shiwan, udongo uleule wa mji uleule unaotuuzia vigae. Zuri ila limekaa kimakumbusho, ukiwa Foshan tayari ingia, kutoka Guangzhou kwa ajili yake tu sikushauri, labda uwe na watoto. Na ule ukumbi wa ukoo wa Chen ambao kila dereva anakutajia, uliomalizika 1894, hilo si hekalu la kuabudia, lilikuwa la mizimu ya ukoo na sasa ni makumbusho, nenda kuangalia nakshi za mbao na mawe lakini udi usibebe.

Kwa hiyo ukinibana. Una masaa matatu na umebeba mabegi, Guangxiao, ukiwa na nguvu malizia Liurong. Uko na mama yako au mtu mzima, Guangxiao peke yake, mkae chini ya miti, Sanyuan mfute kabisa kwa sababu ya ngazi. Ni mwezi mosi au kumi na tano na unataka kuona watu wanavyoomba, Sanyuan asubuhi mapema, au Liurong. Una watoto, Foshan kwa sababu ya simba. Mahekalu mengi jioni yanafunga mapema, ukifika saa kumi na moja umekwenda kuangalia geti, na pesa taslimu beba kidogo maana si kila apu ya malipo inakubali kadi zetu na kwenye kibanda cha tiketi hakuna wa kukuelewa ukianza kujieleza.

Una siku nzima na umetoka Pwani, Boluo. Usinibishie kabla hujamuona yule jamaa wa fenesi. Kuku wangu niko naye, yupo dukani juu ya rafu ya bawaba na vitasa, mwaka wa tatu huu. Bado hajawika.